Ameyapata Wapi? Maneno Machache Juu ya Vitabu Vinne

Siku chache zilizopita tulikuwa tumeketi katika chumba cha kusomea, akaja kijana mmoja kurudisha kitabu. Kitabu chenyewe ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Akatuambia kwamba alikianza jioni, na siku ya pili kabla ya jua kuchwa amekwisha kukimaliza, hata shamba hakwenda. Kisha akatuuliza kama twajua nauli ya kufika huko yaliko mashimo. Tukacheka, tukamwambia, "Mwanangu, hiyo ni hadithi tu." Akajibu kwa adabu, lakini bila kutetereka, "Lakini Mwalimu, ramani imo kitabuni. Na Mfalme Sulemani si yumo katika Biblia?"

Hapo kicheko chetu kikakatika, kwa maana tulikumbuka makosa yetu wenyewe. Sisi nasi tulipokuwa watoto tuliisadiki hadithi ile. Tena tulipokuwa walimu, kwa miaka kadhaa tuliwafundisha watoto kwamba yale majumba makubwa ya mawe yaliyoko katika nchi ya Zimbabwe yalijengwa na wageni waliotoka ng'ambo zamani za Sulemani. Hatukuwa na nia mbaya. Tuliyasoma mahali, na kwa kuwa tuliyasoma, tuliyasema. Hakuna mtoto hata mmoja aliyenyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, umeyapata wapi?" Na lau angaliuliza, tusingalikuwa na jibu.

Basi swali lile ambalo watoto hawakutuuliza, leo twataka kulichukua kama taa na kuviendea vitabu vinne. Viwili ni vya habari za kale za Uingereza, kimoja ni cha filosofia ya Wayunani, na cha nne ni hicho alichorudisha kijana. Mtu akivitazama kwa haraka ataona havina udugu. Sisi twaona udugu upo, nao ni huu: kila kimoja chataka kusadikiwa, lakini si kila kimoja kina haki ya kusadikiwa kwa namna moja.

Tuanze na Bede. Huyu alikuwa mtawa wa Kiingereza, naye aliandika kwa Kilatini historia ya Kanisa la taifa la Waingereza, vitabu vitano katika kimoja, akaimaliza mwaka 731. Alipelekwa katika nyumba ya watawa akiwa mtoto wa miaka saba, akaishi Wearmouth na Jarrow, upande wa kaskazini wa Uingereza, mpaka alipofariki mwaka 735. Alikuwa mtu wa kusoma, kufundisha na kusali, wala safari zake hazikuwa nyingi. Mtu aweza kuuliza kwa haki: mtawa aliyekaa mahali pamoja karibu maisha yake yote, alijuaje mambo ya Kent iliyo mbali kusini, na ya watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa?

Uzuri wa Bede ni kwamba alilitazamia swali hilo, akalijibu kabla ya kuulizwa. Katika maneno ya mwanzo, aliyomwandikia Mfalme Ceolwulf, awataja kwa majina watu waliompa habari. Asema kwamba habari za Kent alizipata kwa Albinus, mkuu wa nyumba ya watawa huko Canterbury, na aliyemletea ni padre mmoja wa London jina lake Nothelm. Huyo Nothelm alikwenda mpaka Rumi, akapewa ruhusa ya kutafuta katika hazina ya nyaraka za Kanisa, akazikuta barua za Papa Gregory na za mapapa wengine, akazinakili na kumletea Bede. Kisha Bede azitaja nchi nyingine moja moja, na ni nani aliyemweleza habari za kila nchi. Mwisho amsihi msomaji kwamba akikuta neno lisilopatana na kweli asimlaumu, kwa kuwa yeye aliandika yale aliyoyapokea kwa watu, apate kuwafunza watakaokuja baadaye.

Wasomaji wetu, tuyafikiri hayo. Barua zilinakiliwa kwa mkono Rumi, zikavuka milima na bahari, zikafika katika chumba chenye baridi kule Jarrow, ili mtawa mmoja asiandike kwa kubahatisha. Siku hizi mtu apata habari za dunia nzima katika simu akiwa kitandani, wala haulizi zimetoka kwa nani. Mtawa yule wa karne ya 8 atuaibisha.

Walakini haifai kumsifu Bede hata tukafumba macho. Mtu aweza kuwa shahidi wa kweli na bado akawa na upande wake. Bede alikuwa Mwingereza, na Waingereza walikuwa wamewanyang'anya nchi Wabritoni, ndio mababu wa watu wa Wales. Aeleza jinsi mfalme Æthelfrith, aliyekuwa bado mpagani, alivyopigana na Wabritoni huko Chester, na jinsi majeshi yake yalivyowaua watawa wa Kibritoni wapatao 1200 waliokuja kuwaombea ndugu zao vitani. Mauaji hayo ayaeleza kama adhabu iliyowastahili, kwa kuwa Wabritoni walikataa shauri la Augustine, yule aliyetumwa kutoka Rumi. Sisi tusomapo ukurasa huo moyo watuuma. Watawa wasio na silaha wameuawa wakisali, na mtawa mwenzao haonyeshi kuwalilia. Basi hata shahidi mwema tumwulize swali la pili: "Wewe ni wa upande gani?" Bede akiulizwa hapotezi heshima yake. Kwa kuwa ametuonyesha mahali alipoyapata maneno yake, ametupa na njia ya kumpima.

Kitabu cha pili ni cha Geoffrey wa Monmouth, kilichotoka yapata mwaka 1136, miaka mia nne baada ya Bede. Nacho chasimulia habari za wafalme wa Britania. Chaanza na Brutus, kitukuu wa Aeneas wa Troy, aliyefika kisiwani akakuta majitu tu, akakipa kisiwa jina lake. Humo yumo Mfalme Leir na binti zake watatu, ambao Shakespeare aliwatungia tamthilia. Yumo Merlin mwenye kutabiri. Yumo hasa Mfalme Arthur, ambaye katika kitabu hicho ayashinda mataifa mengi ya Ulaya, hata akapigana na majeshi ya Rumi yenyewe.

Geoffrey naye aliulizwa, au alijua kwamba ataulizwa: umeyapata wapi? Jibu lake lilikuwa hili, kwamba Walter, shemasi mkuu wa Oxford, alimpa kitabu cha kale sana kilichoandikwa kwa lugha ya Wabritoni, naye alichofanya ni kukifasiri kwa Kilatini. Kitabu hicho cha kale hakijaonekana mpaka leo. Tazameni tofauti ya majibu haya mawili. Bede atuonyesha mlango na kutuambia, ingieni mkaulize. Geoffrey atuonyesha mlango uliofungwa, na ufunguo anao yeye.

Tena yako mambo ambayo mtu mwenye vitabu viwili mezani angeyaona mara moja. Huyo Arthur aliyeushinda ulimwengu, Bede hamtaji hata kwa neno moja, ingawa alieleza vita vya Wabritoni na Waingereza katika siku zile zile. Mtu mmoja aliliona hilo mapema, naye ni William wa Newburgh, mtu wa dini wa huko kaskazini, aliyeandika historia yake karibu na mwaka 1198. Katika maneno yake ya mwanzo alimsifu Bede, akamkemea Geoffrey waziwazi kwamba ametunga uongo na kuuvika vazi la historia. Lakini ni wangapi waliomsikiliza? Kitabu cha Geoffrey kilinakiliwa mno, hata nakala zaidi ya mia mbili zilizoandikwa kwa mkono zimesalia mpaka leo. Watu walikipenda, na chapendeza kweli, maana Geoffrey ajua kusimulia kuliko wenye kweli wengi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Geoffrey ilikuwa ndefu. Hata mwaka 1534, Polydore Vergil, Mwitalia aliyekaa Uingereza, alipochapisha historia na kuonyesha mashaka yake juu ya Brutus na Arthur, Waingereza wengi walimkasirikia kana kwamba amewaibia mali.

Labda mtu atasema, "Kuna hasara gani watu wakijifurahisha na Arthur?" Twajibu kwa jambo lililotokea. Mwaka 1301 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alikuwa akipigana ili aitawale Scotland. Papa Boniface wa Nane akamwuliza ana haki gani juu ya nchi ile. Mfalme akamwandikia barua, na miongoni mwa hoja zake akaweka hadithi ya Brutus: ya kwamba Brutus aliwagawia wanawe kisiwa, na mwana wa kwanza ndiye aliyepata Uingereza na ukuu juu ya nduguze, kisha akaongeza habari za Arthur. Watu wa Scotland nao hawakukubali kushindwa. Wakamletea Papa hadithi yao, kwamba taifa lao latoka kwa Scota, binti Farao wa Misri. Basi mataifa mawili yaligombania ardhi, mbele ya Papa, kwa hadithi zisizo na shina, na huku nyuma watu wa kweli walikuwa wakiuawa na vijiji vya kweli vikiteketea. Hapo ndipo ilipo hasara. Hadithi ikisomwa kuwa hadithi huburudisha. Ikiingia barazani mwa mashauri ikaitwa historia, hugeuka kuwa silaha, na anayepigwa nayo hana ngao.

Sasa tumemwona mwandishi aliyeonyesha mashahidi wake, na mwingine aliyewaficha. Je, msomaji naye afanye nini, maana hawezi kwenda Rumi kuzitafuta nyaraka? Hapa twamwendea mwenye hekima wa Kiyunani, Plato, aliyefariki mwaka 347 kabla ya Kristo. Vitabu vyake vingi vimeandikwa kama mazungumzo, na anayezungumza zaidi ni mwalimu wake Socrates, ambaye yeye mwenyewe hakuacha kitabu chochote. Wako waliomwogopa Plato wakidhani filosofia ni msitu wa maneno magumu. Twawashauri wakianze kitabu kiitwacho Phaedrus. Humo watamkuta Socrates na rafiki yake kijana wametoka nje ya kuta za Athene, wameketi chini ya mti karibu na mto, miguu yao imeguswa na maji, vinyenze wanalia juu yao. Msitu uko wapi hapo? Ni wazee wetu na baraza yao.

Katika mazungumzo hayo Socrates asimulia habari ya Theuth, mungu wa Kimisri, aliyevumbua hesabu, elimu ya nyota, mchezo wa dama, na mwisho akavumbua herufi. Akazipeleka kwa mfalme Thamus, akijisifu kwamba herufi zitawapa watu hekima na kumbukumbu. Mfalme akakataa. Akaona kwamba watu wakitegemea alama zilizoandikwa nje yao, wataacha kuzoeza kumbukumbu iliyo ndani yao; watasikia mengi bila kufundishwa, watadhani wanajua nao hawajui. Kisha Socrates aongeza neno lake juu ya maandiko: yafanana na picha. Picha husimama kama kitu hai, lakini ukiiuliza swali hunyamaza. Vivyo hivyo kitabu. Ukikiuliza maana ya neno lake, chakurudishia neno lile lile siku zote. Tena chatangatanga mikononi mwa kila mtu, anayekielewa na asiyekielewa, na kikionewa hakina uwezo wa kujitetea bila aliyekiandika.

Sisi tulio wapenda vitabu maneno hayo yatuchoma, na ni vema yatuchome. Ni mara ngapi tumesikia mtu akikata shauri kwa kusema, "Imeandikwa kitabuni"? Kana kwamba wino ni shahidi! Plato atuambia kwamba kitabu ni bubu, na kazi ya kuuliza na kutafuta jibu imeachwa juu ya msomaji. Ndiyo sababu twaona kwamba mtu asome na wenzake, kwa kuwa kile ambacho kitabu hakiwezi kujibu, huenda jirani akakijibu, au akakiona kingine kilichokipinga.

Lakini jambo linalotupendeza kuliko yote katika kitabu hicho ni dogo, na wasomaji wengi hulipita. Socrates akiisha kusimulia habari ya mfalme wa Misri, yule kijana Phaedrus amtania. Amwambia kwamba yeye hutunga kwa urahisi hadithi za Misri na za nchi yoyote apendayo. Socrates hakani. Amjibu kwamba watu wa kale waliridhika kusikiliza hata mti na jabali, mradi yasemwe yaliyo kweli. Nao vijana wa siku hizi watazama ni nani asemaye na ametoka nchi gani, badala ya kutazama kama jambo lenyewe ndivyo lilivyo. Basi hapa tuna hadithi iliyotungwa, na msikilizaji ajua kwamba imetungwa, na msimulizi hajifichi. Huo ni uaminifu wa namna yake. Mfalme Thamus hakuwako, lakini neno lake laweza kupimwa na mtu yeyote mwenye kitabu na akili. Ndivyo zilivyo hadithi zetu za sungura na fisi: hakuna mtoto anayeulizia kaburi la sungura.

Hata hivyo, Plato naye tusimwache bila kumwuliza. Katika kitabu chake juu ya mji mwema, kiitwacho Jamhuri, ataka hadithi za watoto zichunguzwe na za uongo wenye madhara zikataliwe. Ni shauri jema kwa wazazi. Kisha katika kitabu hicho hicho apendekeza kwamba watu wa mji waambiwe hadithi ya kubuni: ya kuwa Mungu alipowaumba, wengine aliwachanganyia dhahabu, hao ndio watawala, wengine fedha, hao ndio wasaidizi wao, na wakulima na mafundi akawatia chuma na shaba. Ataka waisadiki kuwa kweli, ili kila mtu atulie mahali pake. Sisi tulio wakulima na wana wa wakulima twamwuliza: ni nani aliyeipima hiyo dhahabu? Aliyetufundisha kuuliza asikasirike akiulizwa.

Sasa twafika kwenye kitabu cha kijana wetu. Mwandishi wake ni Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyekuja kufanya kazi ya serikali Afrika ya Kusini mwaka 1875 akiwa bado kijana, akarudi kwao, akakitoa kitabu hiki mwaka 1885. Yasimuliwa kwamba alikiandika kwa sababu ya kubishana na ndugu yake, kama aweza kutunga hadithi iliyo nzuri nusu ya ile ya Kisiwa chenye Hazina. Hadithi hizo mbili zilitoka kwa Kiswahili mwaka mmoja, 1929, kwa mkono wa Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Wengi wa wazee wetu walijifunzia kusoma hadithi ndefu katika vitabu hivyo.

Tukiseme kwa haki. Kitabu hiki chaenda mbio kama maji ya mtelemko. Jangwa lina kiu kweli, mlima una baridi kweli, na lango la mawe linaposhuka polepole msomaji hukaza pumzi. Kapteni Good, mwenye meno ya kubandika na ndevu zilizonyolewa upande mmoja, atuchekesha. Na Umbopa, aliyekuja kama mtumishi kisha akajulikana kuwa ni Ignosi, mfalme wa haki, ana heshima ambayo waandishi wengi wa siku zile hawakumpa Mwafrika katika vitabu vyao. Akiisha kukirudia kiti chake, asema kwamba hataki wafanya biashara wenye bunduki na pombe waingie nchini kwake. Neno hilo lilistahili kusikiwa mwaka 1885 kuliko lilivyosikiwa.

Tena hadithi yenyewe ilipata kuulizwa, ikajisahihisha. Katika chapa ya kwanza wageni wawatisha watu wa nchi kwa kupatwa kwa jua, na huku mwezi ni mpevu. Msomaji yeyote aujuaye mwezi atajua kwamba haiwezekani, kwa maana jua hupatwa wakati wa mwezi kuandama tu. Haggard alilitambua kosa hilo, na katika chapa za baadaye akaandika kupatwa kwa mwezi. Basi hata mtunga hadithi alilazimika kuutii mwezi.

Laiti angaliwatii na wajenzi wa kale pia. Kwa maana kosa kubwa la kitabu hiki halikusahihishwa. Wasafiri wakuta barabara kuu iliyochongwa katika mawe na sanamu kubwa mno, na kila wakitaka kujua ni nani aliyezifanya, wageni wa kale ndio wapewao sifa: watu wa Sulemani, Wafoinike, Wamisri. Wenyeji wa nchi waonyeshwa kama walinzi wa kazi wasiyoweza kuifanya. Naye binti mwema Foulata, aliyempenda Kapteni Good, afa kabla hadithi haijaisha, na msimulizi aona ni heri, kwa kuwa amekwisha ondoa taabu ya ndoa ya watu wa rangi mbili. Mtu akisoma kwa haraka hupita. Akisoma polepole ataona ni mkono wa mwandishi uliomwua, kabla ya kisu cha Gagool.

Lile jina la Sulemani nalo ndilo linalowanasa watu wetu. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasimulia dhahabu ya Ofiri iliyoletwa kwa merikebu, lakini hakisemi Ofiri ni nchi gani, wala hakitaji mashimo yoyote ya Sulemani katika Afrika. Ramani ile ambayo Mreno aliichora kwa damu yake mwaka 1590 ilichorwa Uingereza kwa wino, na mwandishi wa hadithi. Ni ndugu wa kile kitabu cha kale cha Geoffrey.

Haggard hakuuanza uvumi huo. Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Akakata kibanzi cha mti mlangoni, akakinusa, akaona chafanana na mti wa kalamu yake ya risasi. Akakata shauri kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, na kwa hiyo nyumba ile ni ya Malkia wa Sheba. Kumbe ulikuwa mti wa huko huko. Haggard aliuchukua uvumi wa namna hiyo akaupa miguu ya kukimbilia. Mwaka 1900 akatoa na hadithi nyingine, Elissa, ambamo Zimbabwe ni mji wa Wafoinike. Na matunda yake? Mwaka 1895 iliundwa kampuni ya kuchimbua magofu ya nchi ile kutafuta dhahabu. Kisha kati ya mwaka 1902 na 1904, Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza magofu ya Zimbabwe Kuu, akachimba na kutupa udongo mwingi wenye vitu vya wenyeji, akiuona kuwa takataka iliyofunika kazi ya wageni wa kale. Ule udongo ndio uliokuwa ushahidi. Hadithi ilitangulia, jembe likafuata, na kweli ikatupwa jaani.

Wataalamu waliouliza vema walipata jibu jingine. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akachimba mwaka 1929, akasema vile vile. Angalieni mwaka huo, ndugu: ni mwaka ule ule kitabu cha Mashimo kilipotoka kwa Kiswahili. Jibu la kweli na hadithi vilitoka pamoja, lakini kwetu kilichofika ni hadithi. Leo yajulikana kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na mababu wa Washona kati ya karne ya 11 na ya 15, mawe juu ya mawe bila chokaa, na ukuta wake mkubwa wafika urefu wa mita 11. Jina lenyewe wengi husema latoka katika Kishona, dzimba dza mabwe, nalo kwa msemaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa sana: majumba ya mawe. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilikuwa bado haitaki jambo hilo lisemwe waziwazi. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ikajiita kwa jina la magofu yale.

Tena liko jambo la kutufurahisha sisi watu wa upande huu. Katika Zimbabwe Kuu ilionekana sarafu ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzo wa karne ya 14. Dhahabu ya bara ilishuka mpaka Sofala, ikapita Kilwa, na bidhaa za bahari zikapanda. Basi Sulemani aliyefika kule kwa ushahidi wa mkononi ni baba wa sultani wetu wa pwani, na jina lake lilifika katika biashara ya majirani. Je, habari hii si tamu kama ile ya kubuni?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Hawakusema vimeundwa na wageni. Nasi tulikaa miaka mingi mbele ya watoto tukiviona vyaelea, tukawapa sifa wasiounda.

Basi shauri letu si kwamba Mashimo ya Mfalme Sulemani kiondolewe katika chumba cha kusomea. La, kibaki, na vijana wakisome usiku kucha kama alivyofanya huyu. Geoffrey naye asomwe, maana bila yeye Arthur asingalipendwa hivyo. Lakini kila kitabu kikae katika safu yake. Wa historia tumwulize, "Umeyapata wapi, na wewe ni wa upande gani?" Wa filosofia tumwulize, "Neno hili ni kweli, hata kama wewe hukulisema?" Wa hadithi tumwulize, "Katika kunifurahisha, umemnyang'anya nani?" Vitabu havitajibu, Plato alikwisha kutuambia. Tutajibu sisi, kwa kukiweka kitabu kimoja kando ya kingine na kuzungumza na wenzetu.

Yule kijana tulimweleza haya yote, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusikitika kama tulivyodhani. Aliuliza tena nauli, safari hii ya kwenda kuutazama ule ukuta. Nasi juma lililofuata tuliwaita watoto wa darasa, tukawaambia kwamba jambo fulani tulilolifundisha zamani lilikuwa kosa, na tukawaonyesha tulikoyapata haya mapya. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Na hao waliochimba, Mwalimu, walijuaje?" Tukamwambia akae vizuri, maana hadithi ni ndefu.